Mzazi Naye Anahitaji Darasa

Kila muhula unapofunguliwa, huja siku ambayo walimu wengi wa huku kwetu, kuanzia Runyenjes hadi Maua, huifahamu vyema. Mzazi huingia ofisini akimtanguliza mwanawe, huketi, huvua kofia, kisha hutamka maneno yale yale: "Mwalimu, huyu mtoto amenishinda. Nimekuletea. Mfanye utakavyo." Katika miaka yangu ya kufundisha, kwanza Meru na baadaye Embu, nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi cha kutoshtuka tena. Huko kutoshtuka ndiko kulikokuwa kosa langu.

Mvulana mmoja ndiye aliyenizindua. Alikuwa katika kidato cha pili, muda si mrefu baada ya kutoka jandoni. Mtoto huyo aliyekuwa mwerevu alianza kusinzia darasani, akaacha kuzungumza na wenzake, hatimaye akawa anapigana uwanjani bila sababu ya kueleweka. Tulifuata desturi ya shule: barua kwa mzazi, adhabu, barua ya pili, kisha kupelekwa nyumbani kwa majuma mawili. Baba yake alimrudisha na kumkabidhi kwetu kama mtu amkabidhivyo fundi baiskeli mbovu. Mvulana huyo hakumaliza shule. Miaka kadhaa baadaye nilikutana na mama yake sokoni, akanieleza kwamba mwanawe alikuwa hapati usingizi tangu alipokuwa darasa la saba, wakati ugomvi ulipozidi nyumbani. "Nilidhani ni utukutu wa ujana, mwalimu," alisema. "Sikujua kwamba hilo ni jambo la mtoto kuulizwa." Sikuweza kumlaumu. Mimi niliyepitia chuo cha ualimu sikumwuliza pia.

Hoja yangu leo ni nyepesi kuitamka, ingawa ni nzito kuitekeleza. Nchi hii imewafunza walimu, wauguzi, madereva na wakulima wa kahawa. Mzazi, ambaye kazi yake ndiyo ya kwanza na ndiyo ndefu kuliko zote, tumemwacha ajifunze gizani, na akikosea twamlaumu. Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wajibu wa kizazi chetu ni kuuliza swali linalofuata: mama mwenyewe, na baba pia, wafunzwe na nani?

Hesabu isiyopuuzwa

Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba nusu ya maradhi yote ya akili yanayowapata watu wazima huwa yamekwisha kuanza kufikia umri wa miaka 14. Huo ni umri wa mtoto aliye karibu kuvuka kutoka utoto kuingia ujana, akiwa bado anakula chakula cha mamaye. Hapa Kenya, matokeo ya uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana, yaliyotolewa mwaka 2022, yalionyesha kwamba miongoni mwa vijana wa umri wa miaka 10 hadi 17, takriban asilimia 44 walikuwa wamepata tatizo fulani la afya ya akili katika mwaka uliotangulia. Takriban asilimia 12 walikuwa na dalili zilizotosha kuitwa maradhi.

Mwalimu mwenzangu, zilete tarakimu hizo darasani mwako. Ikiwa una wanafunzi 50, basi kwa wastani 22 kati yao wanabeba mzigo fulani moyoni, na 6 ni wagonjwa kwa maana halisi ya neno hilo. Wamo wenye wasiwasi usiokwisha, wenye huzuni ya miezi na miezi, na wale ambao ukaidi wao umepita mpaka wa utoto. Wao huketi mbele yetu kila asubuhi, nasi twawaita wavivu, watundu au wajinga.

Tiba ipo, lakini haiwafikii wengi. Jopo la kitaifa lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipotoa ripoti yake mwaka 2020, lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Mabingwa wa maradhi hayo ni wachache, na wengi wao wamo Nairobi. Isitoshe, neno lenyewe bado linatisha. Mzazi wa kijijini akisikia "akili" huikumbuka hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa tangu mwaka 1910, naye humficha mwanawe kana kwamba ni aibu ya ukoo. Nchi isiyo na mabingwa wa kutosha wa kutibu ina sababu kubwa zaidi ya kuzuia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ukuta hatuna fedha za kuujenga.

Watu wa Meru wana sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya mseto ya St Kizito, katika Tigania, waliwavamia wasichana bwenini. Wasichana 19 walikufa na wengine 71 wakanajisiwa. Taifa lilitikisika, na mwaka huo huo ikaundwa kamati iliyoongozwa na Lawrence Sagini kuchunguza utovu wa nidhamu shuleni. Miaka kumi baadaye bweni la Kyanguli, katika Machakos, liliteketezwa na zaidi ya wavulana 60 wakaangamia. Jopo jingine likaundwa, safari hii chini ya Naomi Wangai.

Siyataji maafa hayo ili kudai kwamba kila mtoto anayetenda uovu ni mgonjwa wa akili, au kwamba mgonjwa wa akili ni mtu wa hatari. La hasha! Wengi wa wagonjwa hao huumia kimya kimya bila kumgusa mtu. Ninayataja kwa sababu kila baada ya msiba twauliza maswali ya mlango, dirisha, mlinzi na kiranja. Ni nadra kuuliza mvulana yule alijifunza wapi, na kwa kumwona nani, kwamba hasira hukatwa kwa nguvu na kwamba msichana ni mtu wa kupigwa. Somo hilo halimo katika silabasi yoyote ya serikali. Alilipata kwingineko, na mara nyingi kwingineko huko ni nyumbani.

Gaaru imekwenda wapi?

Zamani mzazi hakuachwa peke yake. Miongoni mwa Wameru, mvulana aliyetoka jandoni alihamia gaaru, nyumba ya vijana wa rika lake, akafunzwa humo na waliomtangulia chini ya macho ya wazee. Msichana alikuwa na nyanya yake. Mama mwenye mtoto wa kwanza alizungukwa na wanawake waliokwisha kulea, na kilio cha usiku hakikuwa fumbo lake peke yake. Sitaki kuusifu utaratibu huo kupita kiasi. Ulikuwa na ukali wake, na yamo mambo ndani yake ambayo hakuna mtu mwenye busara angetaka yarejee. Hata hivyo ulikuwa darasa. Watu walilea wakiwa wamefunzwa kulea.

Darasa hilo lilivunjika kwa hatua. Shule iliwachukua watoto mchana kutwa, kisha ikawachukua kwa miezi mitatu mitatu. Kazi ya mshahara iliwapeleka akina baba mashambani kwa walowezi na mijini. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, familia za Embu na Meru zilikusanywa katika vijiji vya lazima, na wanaume wengi wakatiwa vizuizini. Uhuru ulipokuja, tulijenga shule na zahanati, na jambo hilo lilikuwa jema. Lakini hatukujenga kitu chochote mahali pa lile darasa la wazazi.

Kilichobaki leo ni jando la majuma machache ya likizo ya Desemba. Mara nyingi wanaomshauri kijana ni vijana wenzake waliomzidi kwa miaka miwili au mitatu, na wengine wao hufika wakiwa wamelewa. Hutoka akiwa ameambiwa kwamba sasa ni mwanamume, na kwamba mama hana tena neno juu yake. Walimu wanaowapokea vijana hao baada ya likizo wanajua ninachosema. Mama amekatazwa kumrudi. Baba naye, ambaye alilelewa kwa kimya hicho hicho, hana mazoea ya kuketi na mwanawe wakaongea. Hivyo basi mtoto wa miaka 13 au 14, katika umri ule ule ambao maradhi ya akili huanza kujitokeza, hana mtu mzima hata mmoja nyumbani wa kumwambia kwamba moyo wake umelemewa. Baadhi ya makanisa yameanza kuandaa jando lenye mafunzo mema, nami nayapongeza. Lakini hata huko anayefunzwa ni kijana. Mzazi wake hungoja nje aitwe kwenye karamu.

Kuna pia mambo ya riziki. Katika Igembe na Tigania miraa imewasomesha watoto wengi, na katika Mbeere muguka imejenga nyumba nyingi. Sina ugomvi na mkulima anayelisha jamaa yake. Walakini mtoto anayechuma au kufunga mafungu hupata fedha zake jioni, na mtoto mwenye fedha zake huacha kuomba ruhusa. Mzazi ambaye hajui njia nyingine ya kumwongoza isipokuwa kumtisha huishiwa na nguvu siku hiyo. Hapo ndipo humleta kwangu na kusema, "Amenishinda."

Ushahidi uliotoka Embu

Wako watakaosema kwamba haya ni mawazo ya wageni. Ajabu ni kwamba sehemu ya ushahidi ilitoka hapa hapa. Kati ya mwaka 1984 na 1986, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, miongoni mwao Profesa Nimrod Bwibo, Charlotte Neumann na Marian Sigman, walizichunguza familia za wakulima wa Embu. Shabaha yao kubwa ilikuwa lishe. Lakini waliketi pia katika nyua za watu, wakiwatazama watoto wa umri wa miezi 15 hadi 30 na kuandika nani anamgusa mtoto, nani anamsemesha, na nini hutokea mtoto anapotoa sauti.

Walichokiona kinastahili kubandikwa katika kila kliniki ya watoto. Mtoto aliyesemeshwa mara nyingi, na aliyejibiwa alipojaribu kusema, alifanya vyema zaidi katika vipimo vya ukuaji wa akili. Kubebwa mgongoni hakukuleta manufaa hayo. Mazungumzo ndiyo yaliyoandamana nayo. Mama zetu wanawapenda watoto wao, wanawabeba kutwa wakilima na kuteka maji. Wengi hawajaambiwa kwamba mtoto asiyejua bado kusema anahitaji kusemeshwa. Huonekana kama kichekesho kumwambia mtoto wa mwaka mmoja, "Tazama, mbuzi yule anakula majani ya mama." Kumbe sentensi hiyo ni chakula.

Chakula cha tumboni nacho hakikusahauliwa. Ukame wa mwaka 1984 ulipoingia katikati ya utafiti huo, ilionekana kwamba watoto wa shule walipungukiwa na makini darasani na uchangamfu uwanjani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi na kugawanya shule 12 za Embu katika makundi: baadhi zilipewa githeri yenye nyama, nyingine githeri pamoja na maziwa, nyingine githeri yenye mafuta, na nyingine hazikupewa chakula hicho. Watoto waliokula nyama waliendelea vyema zaidi katika mtihani wa kufikiri, na uwanjani walionyesha uongozi na uchangamfu zaidi. Anayetaka kumfunza mzazi malezi bila kuitazama sufuria yake anafanya nusu ya kazi.

Ni haki niseme kwamba utafiti wa Embu ulipima ukuaji wa akili, wala haukupima maradhi ya akili. Kiungo cha mambo hayo mawili kilipatikana Jamaica, katika mji wa Kingston. Mwaka 1986 na 1987 watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, waliingizwa katika jaribio. Kwa miaka miwili, nyumba za baadhi yao zilitembelewa kila wiki kwa muda wa saa moja na mhudumu wa afya wa kawaida. Mhudumu hakwenda kumtibu mtoto. Alikwenda kumwonyesha mama jinsi ya kucheza na mwanawe na kumsemesha, kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa makopo na vitambaa. Watoto hao walifuatiliwa hadi utu uzima. Walipofika miaka 17 na 18, waliokuwa wametembelewa walikuwa na wasiwasi na huzuni kidogo kuliko wenzao. Walipofika miaka 22, walikuwa wakipigana na kushiriki ukatili kwa nadra zaidi, na mapato yao yaliwazidi wenzao kwa takriban robo. Saa moja kwa wiki iliyotumiwa kumfunza mama ilizaa matunda miaka 20 baadaye.

Karibu na nyumbani, jaribio lililoitwa Msingi Bora liliendeshwa katika vijiji 60 vya magharibi mwa Kenya, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Akina mama walikutana kwa makundi kila majuma mawili, wakiongozwa na wahudumu wa afya wa kijijini, na akili na lugha ya watoto wao ikakua vizuri zaidi. Kwa wazazi wenye watoto waliobaleghe, jaribio la vijiji 40 katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2018, lilionyesha kwamba mafunzo ya wazazi pamoja na vijana wao hupunguza kupigwa na kutukanwa kwa watoto. Jirani zetu wa Tanzania waliyachukua mafunzo hayo, wakayaita Furaha Teens, na katika mwaka 2020 na 2021 wakayafikisha kwa wazazi na vijana zaidi ya 75,000 katika wilaya nane. Huko familia zililinganishwa na zilivyokuwa kabla ya mafunzo, wala hazikulinganishwa na familia zisizofunzwa, kwa hiyo matokeo hayo mema si neno la mwisho. Lakini yameonyesha kwamba jambo hili linawezekana kwa Kiswahili, vijijini, na kwa watu wengi.

Hufunzwa nini hasa?

Msomaji asidhani kwamba mzazi huketishwa na kufundishwa saikolojia. Masomo yenyewe ni mepesi, na ugumu wake uko katika kuyatenda. La kwanza ni kumpa mtoto dakika chache kila siku ambazo ni zake peke yake, bila kumtuma wala kumkosoa. La pili ni kumsifu kwa jambo mahususi. Badala ya "wewe ni mzuri", mzazi huambiwa aseme, "Nimeona uliwaingiza mbuzi kabla ya mvua kunyesha, asante." La tatu ni kuipa hisia jina: "Naona umekasirika," au "Je, unaogopa?" La nne ni kuwa na kanuni chache zinazojulikana, na matokeo yasiyobadilika kila baba anapokuwa na hasira. La tano, ambalo ndilo gumu kuliko yote, ni mzazi kuituliza hasira yake kabla ya kufungua kinywa. La mwisho ni kuzitambua dalili: kukosa usingizi, kujitenga, kuacha kula, kushuka ghafla kwa masomo, mazungumzo ya kutamani kufa. Mzazi aliyezifahamu dalili hizo hangojei barua ya mwalimu mkuu.

Pingamizi ninazozisikia

Pingamizi la kwanza ni la fimbo. Mzee mmoja aliniambia katika mkutano, "Mwalimu, sisi tulipigwa na tukawa watu." Nilimjibu kwa heshima kwamba mimi pia nilipigwa, na nimewahi kupiga, lakini siwajui wenzetu wangapi walipigwa na hawakuwa watu, kwa kuwa hao hawahudhurii mikutano. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili. Kosa letu ni kwamba tuliiondoa fimbo bila kumwonyesha mwalimu wala mzazi kitu cha kushika badala yake. Methali husema mcha mwana kulia hulia yeye. Ni kweli; mtoto hukatazwa, na mtoto akikatazwa hulia. Lakini methali hiyo haikutaja damu.

Pingamizi la pili ni la umaskini. Mama anayeamka saa kumi usiku kwenda kuchuma majani chai atapata wapi nafasi ya masomo? Hili ni pingamizi la haki, na ndiyo sababu mafunzo hayawezi kupelekwa hotelini mjini. Yapelekwe pale alipo: kituo cha kuuzia majani chai, kiwanda cha kahawa siku ya malipo, chama cha akina mama, kliniki ya chanjo, ibada ya Jumapili. Wala tusidanganyane kwamba mafunzo yataondoa njaa au deni. Hayataondoa. Yatamsaidia mtu mwenye njaa na deni asiyamwage machungu hayo juu ya mtoto.

Pingamizi la tatu linanigusa zaidi. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa huuliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu?" Jibu ni hapana. Yapo maradhi ya akili yanayotokana na damu ya ukoo, na mengine na ajali, uzazi mgumu, kifo cha mpendwa au kunajisiwa na mtu wa nje. Watoto wawili wa mama mmoja, waliolelewa kwa uji mmoja, hutofautiana. Mtoto aliyekwisha kuugua anahitaji daktari, na mafunzo ya malezi hayashiki nafasi ya dawa. Yeyote atakayeyatumia mafunzo haya kuwanyoshea wazazi kidole atakuwa ameyaharibu kabla hayajaanza.

La nne halisemwi kwa sauti, lakini huonekana: akina baba hawaji. Katika mikutano mingi ya shule niliyohudhuria, akina mama wamejaza madawati, na akina baba ni wachache, wamesimama karibu na mlango. Mafunzo yatakayowafikia akina mama pekee yatawaongezea mzigo wanaoubeba tayari. Baba afuatwe aliko.

Yanayowezekana sasa

Serikali za kaunti za Meru na Embu haziwezi kusema kwamba jambo hili ni la Nairobi. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea na afya ya mashinani. Mwaka 2023 taifa lilizindua takriban wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 wanaopita nyumba hadi nyumba. Wanapima shinikizo la damu na sukari. Wafunzwe pia kumwuliza mama, "Mtoto analala vipi? Unaongea naye?" Mtaala wa umilisi nao, tangu mwongozo wake wa mwaka 2017, umeweka kumwezesha na kumshirikisha mzazi kuwa sehemu ya elimu yenyewe. Hadi sasa wazazi wengi wameuona ushirikishwaji huo katika kutafuta makopo, maboksi na picha za kubandika. Neno kumwezesha tumelisahau.

Lakini siwezi kuingojea serikali, nami nina ukumbi, madawati na wazazi wanaokuja mara tatu kwa mwaka. Mikutano yetu ya wazazi huanza kwa karo na huishia kwa karo. Napendekeza katika kila mkutano itengwe saa moja ambayo haitatajwa shilingi ndani yake. Mwalimu wa ushauri nasaha aongoze, au muuguzi wa zahanati iliyo jirani, na wazazi wenyewe waelezane. Napendekeza pia kwamba kabla ya Desemba, wazazi wote wenye wavulana wanaojiandaa kwenda jandoni waitwe kwa Jumamosi mbili, baba na mama pamoja, wakubaliane nani atamshauri kijana, ataambiwa nini, na nyumbani atapokewa vipi. Wazee wa Njuri Ncheke wana sauti ambayo hakuna afisa wa elimu aliye nayo katika jambo hili, waombwe waitumie. Mwalimu naye ajifunze kuuliza kabla ya kuandika barua.

Nanyi wanafunzi mnaoisoma safu hii, msidhani kwamba leo ninawasema wazee wenu peke yao. Wengi wenu mtakuwa wazazi kabla ya kutimiza miaka 30, na malezi mliyopewa ndiyo mtakayoyatoa msipojifunza mengine. Ikiwa mzigo umekulemea sasa, mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, awe mwalimu, shangazi, mchungaji au muuguzi, umwambie kwa maneno machache. Ikiwa ni mwenzako aliyejitenga, mwulize. Kumwuliza mtu hali yake si umbea.

Nimemwomba mwalimu mkuu wetu ile saa moja katika mkutano ujao, naye amekubali. Sijui watakuja wangapi, na sitarajii miujiza. Yule mvulana sasa ni mtu mzima, yuko Nairobi, na mama yake hupata habari zake kwa watu wengine. Kwake tumechelewa. Lakini katika madarasa yetu kuna wengine wanaosinzia asubuhi hii, na nyumbani kwao kuna mama au baba ambaye angeuliza laiti angejua kwamba hilo ni jambo la kuulizwa.